Vibao vya sakafu kutoka nyumba iliyobomolewa: je, vinafaa kutandikwa katika nyumba mpya?

Mkaaji wa Utawala

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri wa wale waliowahi kutumia mbao kuukuu kutengenezea sakafu ya nyumba, kwa kuwa nimelipenda wazo hili sana na kwa sababu hiyo hiyo naogopa kulifanya kwa pupa.

Ndugu yangu ni dereva wa lori. Mwezi uliopita alipewa kazi ya kuzoa kifusi katika nyumba moja ya zamani kule Kileleshwa, hapa Nairobi, mojawapo ya zile zenye paa la vigae na bustani pana ambazo zinabomolewa moja baada ya nyingine ili kupisha majengo ya fleti. Alipowaona vibarua wakiing'oa sakafu ya mbao kwa mitaimbo na kuitupa pamoja na matofali, alinipigia simu. Nilikwenda siku hiyo hiyo, nikaelewana na mwenye kazi, nikalipa, nikaandikiwa risiti, na sasa nina magunia 20 ya vibao, kila gunia likiwa na vibao 80 hivi, yaani kama 1,600 kwa jumla. Kila kibao kina urefu wa milimita 230, upana wa milimita 70 na unene wa milimita 20. Upande wa juu una vanishi iliyochakaa, na upande wa chini umegandamana na lami nyeusi, ngumu.

Nilikusudia kuvitandika sebuleni, chumba cha mita 4 kwa 5, chini, katika nyumba yangu yenye orofa moja. Zege la sakafu hiyo lilimwagwa miezi minne iliyopita. Eneo letu lina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao uliondolewa na mahali pake pakajazwa mawe na moramu. Fundi wangu anasema vibao hivi ni kuni tu, nami niweke vigae kama watu wengine. Je, mbao hizi ni za mti gani? Lami hii huondolewaje? Na vibao vyenyewe vitatosha?

Seremala wa Kariobangi

Ndugu yangu, tafadhali usiviuze kwa kuni. Nimefanya kazi ya useremala kwa miaka mingi, na kila ninapoona vibao vya aina hiyo vikiingizwa kwenye jiko la mkaa au vikifukiwa kwenye kifusi huwa naumia, kwa sababu mbao zilizotumiwa katika sakafu za nyumba hizo nyingi hazipatikani tena kwa urahisi, na hata zikipatikana, mtu wa kipato cha kawaida hawezi kuzinunua.

Kwanza tambua mti. Chukua kibao kimoja, kikwangue kwa patasi mahali ambapo hapana vanishi, kisha kinuse. Ukisikia harufu tamu inayokaribia ile ya msandali, na rangi ikawa ya manjano ya asali iliyoanza kuwa kahawia, huku punje za mbao zikiwa zimeshikana sana, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni muhugu, mti uliotumika sana kwa sakafu za vibao kwa sababu ni mgumu, haulegei kwa kukanyagwa, na mchwa hawaupendi. Kitie pia katika ndoo ya maji: muhugu mkavu ni mzito kiasi kwamba huzama karibu wote na kubakiza sehemu ndogo tu juu. Kama kibao kinaelea vizuri, kina vinyweleo vikubwa vinavyoonekana kwa macho, na hakina harufu hiyo, basi huenda ni mvule. Mvule nao ni mbao bora, ila una jambo moja linalowasumbua mafundi: ndani yake mara nyingi hujificha vijiwe vya chokaa ambavyo huharibu meno ya msumeno na kisu cha randa. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo usiupige msasa bila barakoa nzuri.

Kuhusu lami, nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu kazi. Usiiondoe kwa mafuta ya taa wala petroli. Ni kweli kwamba mafuta huilainisha, lakini huibeba na kuiingiza ndani ya nyuzi za mbao, na baada ya hapo gundi haishiki tena. Isitoshe, utakuwa umerundika nyumbani magunia ya mbao zilizolowa mafuta. Usiipitishe kwenye randa ya umeme pia, kwa kuwa lami huyeyuka kwa joto la msuguano na kuganda kwenye visu. Lami inashindwa na baridi. Ikiwa baridi huwa kama kioo, na ukiipiga patasi kwa pembe hubanduka vipande vipande. Mimi huifanya kazi hii alfajiri za Julai, na vibao vinavyonipa taabu huviweka ndani ya friza usiku kucha, vikiwa vimefungwa kwa mifuko, nikavitoa kumi kumi. Kama vina ulimi na mfuo pembeni, yaani ukingo uliochomoza wa kibao kimoja unaoingia kwenye mfereji wa kibao cha jirani, safisha mfuo kwa ncha ya bisibisi hadi ndani kabisa, kwa sababu punje moja ya lami ikibaki humo viungo havitabana, na mwachano mdogo wa kibao cha kwanza utakuwa mkubwa ukifika kibao cha thelathini.

Sasa hesabu. Kibao chako kinafunika mita za mraba 0.0161, kwa hiyo mita moja ya mraba inahitaji vibao 62. Sebule yako ni mita za mraba 20, nayo itataka vibao 1,242 kabla ya kuhesabu vipande vinavyokatwa kando ya ukuta. Ongeza asilimia 10 ya makato, ufike karibu 1,370. Unavyo 1,600, lakini usijidanganye kwamba vyote vitafaa. Kwa uzoefu wangu, kimoja katika kila sita huwa kimepasuka au kuvunjika ulimi kwa ajili ya mtaimbo, na hivyo utabaki na 1,330 hivi, pungufu kidogo. Suluhisho ni kuweka ukingo wa mbao nyingine yenye unene huo huo, wenye upana wa sentimita 15, kuzunguka chumba chote. Eneo la katikati litakuwa mita 3.7 kwa 4.7, yaani mita za mraba 17.4, ambalo linahitaji vibao 1,080 na makato yake, na utabaki na akiba ya kutengenezea siku za mbele. Akiba hiyo ni muhimu sana, kwani hutapata mahali pengine vibao vya rika lile.

Kwa mpangilio, nakushauri ule ambao mafundi huuita mifupa ya samaki, na ambao mimi naona unafanana zaidi na msuko wa ukili. Ule wa miraba ya vibao vitatu vitatu hautakubali, kwa maana upana wa vibao vitatu ni milimita 210 ilhali urefu ni 230.

Mama wa Ruai

Nimesoma maelezo ya seremala na ninayakubali yote, lakini naona jambo kubwa zaidi halijaguswa, nalo ndilo lililoniliza mimi. Mwuliza swali amesema zege lake lina miezi minne na liko juu ya ardhi iliyokuwa na udongo mweusi. Ndugu, kabla ya kushughulika na lami, shughulika na maji.

Nasi tulitandika sakafu ya mbao za zamani, mbao ndefu za mvule tulizozipata katika ukarabati wa ghala. Fundi tuliyemwajiri alituhakikishia kwamba zege limekauka kwa kuwa lilikuwa jeupe na lilionekana kavu kwa macho. Tulimaliza Februari, tukapaka vanishi, nami nikawaita jamaa waje kuona. Mvua za masika zilipokolea mwezi wa Aprili, nilisikia usiku mlio kama wa mtu anayevunja fimbo. Asubuhi tulikuta mbao zimeinuka katikati ya chumba, zimejikunja na kufanya kilima ambacho mtoto angeweza kujificha chini yake. Hakuna bomba lililokuwa limepasuka. Unyevu ulitoka chini, ukaingia kwenye mbao, mbao zikatanuka, na kwa kuwa fundi alizibana hadi kwenye ukuta bila kuacha nafasi, hazikuwa na pa kwenda isipokuwa juu.

Baadaye mhandisi mmoja alitufafanulia mambo ambayo laiti ningeyajua mapema. Zege hupata nguvu zake kwa siku 28, na watu hudhani kwamba siku hizo zikiisha limekauka, kumbe nguvu na ukavu ni mambo mawili tofauti. Kanuni ya makadirio wanayoitumia ni kwamba zege linalokaukia upande mmoja huchukua siku moja kwa kila milimita ya unene katika milimita 50 za kwanza, na zaidi ya hapo huenda polepole zaidi. Kwa hiyo zege la milimita 150 huhitaji miezi sita na zaidi, tena ikiwa madirisha yamewekwa na mvua haiingii. Kipimo cha uhakika ni kile cha kufunikia kifaa cha kupimia unyevu wa hewa juu ya zege ndani ya kisanduku kilichozibwa kwa siku kadhaa, na mbao hazipaswi kutandikwa mpaka unyevu huo ushuke hadi asilimia 75 au chini yake.

Kama huna kifaa hicho, anza na jaribio rahisi. Chukua kipande cha polithini cha mita moja kwa mita moja, kilaze juu ya zege tupu, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku tatu. Ukikibandua ukakuta matone, au zege chini yake limekuwa jeusi kuliko pembeni, usitandike. Hata ukikuta pakavu usikimbilie kazi, bali rudia baada ya mwezi, kwa maana uso wa zege unaweza kukauka na kina kikabaki na maji.

Tena muulize fundi wako swali moja, na umtake ajibu waziwazi: je, chini ya zege aliweka karatasi nzito ya polithini ya kuzuia unyevu, na aliipandisha hadi kwenye ukuta? Kama hakuiweka, kungoja hakutasaidia, kwa kuwa ardhi itaendelea kuleta unyevu kila msimu wa mvua.

Mkaaji wa Utawala

Mama, pole sana kwa hasara hiyo, na nakushukuru kwa kuisimulia wazi. Nimempigia fundi simu. Anasema karatasi iliwekwa, lakini hakumbuki kama ilipandishwa ukutani, na mimi sikuwepo siku hiyo. Nimeweka polithini pembe mbili za sebule jana jioni.

Nimekikwangua kibao. Harufu ipo, tamu sana, hata watoto wameisikia kutoka chumba cha pili. Katika ndoo kilizama kikabakiza ukingo mwembamba juu ya maji. Hata hivyo, nimeona katika vibao kama thelathini matundu madogo ya duara, kama yaliyotobolewa kwa sindano, na yote yako kwenye mstari mweupe wa pembeni. Je, ni bungua? Wataambukiza mbao za milango?

Swali lingine ni hili: jirani yangu amesikia habari hizi akaniambia anaweza kunipatia nguzo za umeme zilizong'olewa pamoja na mataruma ya reli ya mbao, tuzipasue mashine tupate mbao za ukingo. Bei yake ni ndogo mno. Mnaonaje?

Mstaafu wa Misitu

Nimeamua kujibu kwa sababu ya hilo la nguzo na mataruma. La, usiyaingize nyumbani kamwe. Nguzo za umeme za mbao, ambazo kwetu hasa ni mikaratusi, hutiwa dawa kwa shinikizo ili zisiliwe na mchwa, na dawa hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, ndiyo inayozipa rangi ya kijani iliyofifia. Ukizipasua kwa msumeno utalitawanya vumbi lenye sumu ya aseniki hewani, na ukivichoma vipande vyake moshi na majivu yatakuwa na sumu hiyo hiyo. Mataruma ya mbao hutiwa kreosoti, mafuta meusi yatokanayo na makaa ya mawe ambayo yanahusishwa na saratani, na harufu yake haiishi hata baada ya miaka mingi, hasa jua linapopiga. Zaidi ya afya, mali ya reli na ya umeme ni mali ya umma, na mtu asiyeweza kukuonyesha karatasi za mahali alikoitoa anakualika kwenye kesi. Wewe ulifanya vyema kudai risiti kule Kileleshwa; itunze.

Ikiwa unataka mbao za ukingo kwa bei nafuu, zitafute kwenye mbao za milango na fremu za nyumba hizo hizo zinazobomolewa. Kama zimepakwa rangi ya zamani, usizipige msasa zikiwa kavu, kwa kuwa rangi nyingi za wakati ule zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto zaidi ya watu wazima. Ziloweshe na uzikwangue, ukusanye makwangukwangu yote. Wapo pia wanaotumia palati za mizigo. Ukifikia huko, tazama muhuri uliochomwa ubavuni: herufi HT maana yake mbao zilipashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi kwenye kiini, nazo hazina dawa, herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya bromidi ya methili, na hizo ziache. Palati isiyo na muhuri, usijue ilibeba nini, iache pia. Kwa maoni yangu, palati za paini ni laini mno kukaa jirani na muhugu. Baada ya miaka mitatu ukingo utakuwa umechimbika na katikati pako vile vile.

Kuhusu matundu, uliyoyaona kwenye mstari mweupe yana maelezo. Sehemu hiyo nyeupe ni ile iliyokuwa karibu na gome, na ndiyo yenye wanga ambao bungua huufuata. Kiini cha muhugu hawakigusi. Katika mbao zilizokaa miongo kadhaa wanga huo huwa umepungua sana, na kwa kawaida matundu unayoyaona ni ya zamani. Hakikisha hivi: gonga vibao hivyo juu ya karatasi nyeupe, uvifagie, uviache hapo kwa wiki tatu. Ukikuta unga mpya, laini kama poda, wadudu wapo, basi vichome vibao hivyo thelathini na vilivyobaki uvipake maji ya boraksi pande zote kabla ya kuvitandika. Usipokuta kitu, tumia bila hofu, ila ule ukingo mweupe uukate.

Niruhusuni niongeze neno moja kuhusu mti wenyewe, maana niliuhudumia. Muhugu ni mti wa asili wa misitu mikavu ya hapa Nairobi na ya pwani. Mihugu bado imesimama Karura, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 dhidi ya waliotaka kuugawa viwanja, na anayetembea njia za huko anaweza kuiona. Hukua polepole mno. Kwa miaka mingi ilikatwa kwa ajili ya sakafu, nguzo na vinyago, hata wachongaji wakalazimika kugeukia mwarobaini, mjakaranda na mgrevilia. Baada ya serikali kusimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, tuliona mbao ngumu nyingi zikitoka Kongo na Tanzania. Hivyo magunia hayo 20 ni miti iliyokwisha kukatwa zamani, kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kuitumia tena hakuhitaji shoka lolote.

Mkaaji wa Utawala

Narudi na majibu. Polithini niliifungua leo baada ya siku tatu. Pembe ya mashariki ilikuwa kavu. Pembe ya magharibi, karibu na jikoni, zege lilikuwa limekuwa jeusi na polithini ilikuwa na matone upande wa chini. Nimesikitika, lakini afadhali nimeona sasa. Je, nipake epoksi ya kuzuia unyevu, au ningoje?

Seremala wa Kariobangi

Mama wa Ruai ametangulia kusema lililo kubwa, na nakiri nilipaswa kuanza nalo. Epoksi hufanya kazi, koti mbili, juu ya zege lililokwanguliwa na kusafishwa, lakini ni ghali, na ikiwa unyevu unaingilia ukutani kwa kuwa karatasi haikupandishwa, utaziba katikati na ukingoni utabaki na tatizo lile lile.

Mimi ningefanya hivi. Umesema nyumba ina orofa. Zege la juu halikutani na ardhi, na hukauka pande zote mbili, juu na chini, kwa hiyo hukauka upesi zaidi. Kama chumba kimojawapo huko juu kina ukubwa wa mita 3.6 kwa 4, yaani mita za mraba 14.4, kitahitaji vibao 895 na makato yake, jumla 985 hivi, na utabaki na zaidi ya 300 bila hata kutafuta ukingo. Weka vigae sebuleni, mpe fundi wako haki yake hapo, na muhugu uupandishe juu. Fanya jaribio la polithini huko pia, usiruke.

Vibao vilivyosafishwa viweke ndani ya chumba hicho, vikiwa vimepangwa kwa kupishana ili hewa ipite, kwa wiki mbili au zaidi. Azima kipima unyevu cha mbao; hapa Nairobi vinatakiwa viwe kati ya asilimia 10 na 13, na visitofautiane sana vyenyewe kwa vyenyewe. Kabla ya kubandika chumba kizima, bandika vibao kumi kwenye kona kwa gundi utakayotumia, uache wiki moja, kisha jaribu kuving'oa. Kama vinabanduka na lami iliyobaki chini yake, rudi ukakwangue zaidi. Anzia katikati ya chumba kwa uzi, si ukutani, kwa kuwa kuta zetu ni nadra kuwa mraba. Acha nafasi ya milimita 12 kuzunguka chumba chote, itakayofunikwa na ubao wa chini ya ukuta, na ubao huo upigiliwe ukutani, usipigiliwe kwenye sakafu.

Ukishabandika, ngoja wiki moja ndipo upige msasa: namba 40 kwa mshazari ili kusawazisha, kisha 60, kisha 100. Muhugu una mafuta ya asili, na baadhi ya vanishi hukawia kukauka juu yake, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kibao kimoja, uone kama baada ya siku mbili bado kinanata.

Mkaaji wa Utawala

Chumba cha watoto huko juu ni mita 3.5 kwa 4. Zege lake lina miezi mitatu, na nimeshalaza polithini katika pembe zote nne. Ndugu yangu ameazima friza ya mwenye bucha mtaani kwetu ambayo haitumiki kwa sasa, na usiku huu tumeingiza vibao mia moja vya kwanza, kila kumi ndani ya mfuko wake. Mama wa Ruai, ukiwa bado na zile mbao za mvule zilizoinuka, naomba usizitupe. Zikikauka na kunyooka huenda zikafaa kwa ukingo, nami niko tayari kuja kuziangalia pamoja na fundi.

Mama wa Ruai

Ninazo, zimepangwa kwenye baraza la nyuma tangu mwaka ule. Nyingi zimenyooka zenyewe. Njoo Jumamosi mchana, na uje na kipima unyevu.